Baskeli za Mbio na Magari ya Mbio: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Unguja na Pemba

Mashindano ya dunia ya baskeli za barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, na tangu hapo maswali hayaishi. Wengi wanaouliza ni wapenzi wa Formula 1 (mbio za magari) na MotoGP (mbio za pikipiki) waliokaa mbele ya televisheni, wakatazama kundi la baskeli kwa saa nzima na wasielewe nani anafanya nini. Hapa tumeyakusanya yale yanayorudi mara nyingi.

## Mambo ya msingi

Jee, zinafananaje, wakati moja ina injini na nyengine haina?

Injini ipo kote kuwili. Gari ya Formula 1 hutoa takriban nguvu za farasi 1,000. Mwendesha baskeli wa daraja la juu anaweza kutoa kiasi cha wati 400 kwa saa nzima, ambayo ni kama nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Tafauti hiyo ni kubwa, lakini shida zinazowakabili ni zilezile: hewa inayokuzuia mbele, kipande kidogo cha mpira kinachokushikiza na lami, nguvu ambayo haitoshi kutumika yote kwa mbio zote, na timu inayotaka ufanye jambo ambalo pengine wewe hulitaki.

Kwa maoni yetu, anayeshinda kote kuwili ni yule anayejua kutumia kidogo mpaka ifike dakika ya kutumia chote. Ukiishika hiyo, mchezo wowote kati ya hii miwili utakufungulia mwengine.

Ni kweli asili yao ni moja?

Ni kweli, na hili tunapenda watu walijue. Mwaka 1891 gazeti la Ufaransa Le Petit Journal liliandaa mbio za baskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Miaka mitatu baadaye, 1894, gazeti hilohilo likaandaa mashindano ya magari kutoka Paris hadi Rouen, ambayo wengi huyahesabu kuwa ya mwanzo duniani. Charles Terront alishinda zile za 1891 akitumia tairi za Michelin zilizoweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, na mwaka 1895 ndugu wa Michelin wakaingiza gari yenye tairi za upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux. Mpira wa upepo ulianza kwenye baskeli, gari ikaurithi.

Hata Tour de France, mbio za baskeli za wiki tatu huko Ufaransa, zilizoanza 1903 na mshindi akiwa Maurice Garin, ilianzishwa na gazeti lililoitwa L'Auto. Mhariri wake, Henri Desgrange, mwenyewe alikuwa mwendesha baskeli wa mbio, na shabaha yake ilikuwa kuuza magazeti. Karatasi ya gazeti hilo ilikuwa ya manjano, ndiyo maana mpaka leo anayeongoza Tour anavaa jezi ya manjano, iliyoanza kutumika 1919. Marekani nako, Barney Oldfield, dereva maarufu wa mwanzo wa karne ya 20, alitoka kwenye mbio za baskeli kabla ya kukabidhiwa gari ya Henry Ford mwaka 1902.

Mbio zipi za magari zinakaribiana zaidi na Tour de France?

Si Formula 1. Ni rali. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati, kwa sababu Safari Rally tunaijua tangu 1953, ilipokuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Rali inakwenda kwa hatua, muda wa kila hatua unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Tour ni hivyohivyo: hatua 21, kiasi cha kilomita 3,400, na saa inayojumlisha kila siku.

Siku ya kushindana dhidi ya saa ndipo zinapofanana zaidi. Waendesha baskeli wanaachiwa mmoja mmoja kama magari ya rali. Katika rali kuna msaidizi aliyekaa pembeni akisoma kona: kulia, kali, inafunga. Kwenye baskeli, kocha anafuata nyuma kwa gari na kumsomea kijana wake kona zilezile kwa redio. Ukiwasikia wote wawili utadhani wamesoma skuli moja.

Inawezekanaje mtu ashinde Tour bila kushinda siku hata moja?

Kwa sababu inahesabiwa jumla. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour mara nne, na ile ya 2017 aliichukua bila kushinda hatua yoyote. Formula 1 inahesabu pointi badala ya muda, lakini matokeo yanaweza kuja vilevile: Keke Rosberg alikuwa bingwa wa dunia 1982 baada ya kushinda mbio moja tu msimu mzima.

Muda wenyewe unaweza kuwa mdogo wa kutia uchungu. Mwaka 1989, baada ya wiki tatu za barabara, Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8.

## Hewa, tairi na nguvu

Kwa nini wanafuatana nyuma kwa nyuma karibu hivyo? Hawaogopi?

Wanaogopa, lakini hewa inawalazimisha. Katika barabara tambarare, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa sana ya nguvu ya mwendesha baskeli inaishia kusukuma hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika kuishinda hewa inaongezeka mara nane. Aliye nyuma ya mwenzake, tairi kwa tairi, anaokoa thuluthi ya nguvu zake au zaidi, na aliyezama katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi ya hapo.

Tazama wanavyopokezana. Wa mbele anavuta dakika moja au chini yake, anachezesha kiwiko kidogo, anasogea pembeni, anapunguza pedeli, mstari unampita, naye anaingia mkiani. Hakuna aliyesema neno. Anayekataa kuvuta huku akinufaika na wenzake anachukiwa, ingawa hakuna sheria aliyoivunja.

Na magari, nayo yanajificha hivyo?

Kwenye barabara iliyonyooka, ndiyo, na pikipiki za MotoGP zaidi. Aliye nyuma anapata hewa iliyokwisha kupasuliwa, anaongeza kasi na kuchomoka kupita. Formula 1 hata iliweka bawa la nyuma linalofunguka, kuanzia 2011 hadi 2025, kwa dereva aliye ndani ya sekunde moja ya mwenzake.

Kwenye kona mambo yanageuka. Gari ya Formula 1 inaihitaji hewa: mabawa yake yameundwa ili hewa iikandamize chini ishike lami. Ikiwa karibu mno na gari ya mbele inapata hewa iliyovurugika, mgandamizo unapungua, tairi zinateleza na kuchoka. Waliocheza resi za ngalawa wanaijua hali hiyo, pale tanga la mwenzako linapokufunika upepo na chombo chako kinalegea. Mwendesha baskeli hana shida hii. Kwake kujikinga nyuma ya mtu ni faida kila mahali, isipokuwa kwenye mlima mkali ambapo mwendo ni mdogo na hewa haina nguvu tena.

Upepo wa ubavuni una maana gani? Watangazaji wanapiga kelele upepo ukianza.

Upepo ukitoka ubavuni, kinga haipo tena nyuma ya mtu, ipo nyuma yake kwa upande. Kwa hiyo kundi linajipanga mshazari kuvuka barabara. Barabara ina upana wake, na wakishajaa watu kumi au kumi na tano nafasi imekwisha. Anayebaki anakaa ukingoni mwa lami bila kinga yoyote, na ndani ya dakika chache anaachwa. Mtu anaweza kupoteza Tour nzima siku isiyokuwa na mlima hata mmoja.

Hili mnaweza kulijaribu hapa kwetu. Kutoka Paje kuteremka Jambiani hadi Makunduchi wakati wa kusi, upepo unakuja usoni na mstari wa kawaida unatosha. Ikiingia kaskazi, upepo unatoka upande wa bahari. Sogea kidogo upande wa bara wa mwenzako utaona pedeli inavyokuwa nyepesi. Lakini msijipange mshazari kwenye barabara yenye magari. Wale wa Tour wamefungiwa barabara.

Tairi zina umuhimu sawa?

Sawa kabisa. Formula 1 tairi zote zinatoka Pirelli tangu 2011, na katika mbio za lami kavu dereva analazimika kutumia aina mbili tafauti, hivyo ushindi mara nyingi unaamuliwa na nani ametunza tairi zake. Kwenye baskeli kila timu inachagua. Kwa miaka mingi watu waliamini tairi nyembamba iliyojazwa mpaka ikawa ngumu kama chuma ndiyo yenye kasi. Siku hizi wanatumia tairi pana zaidi, milimita 28 na kuendelea, na upepo mdogo zaidi, kwa sababu tairi ngumu mno inarukaruka na kila mruko unakula nguvu. Anayejaza mpaka mwisho kwa kudhani ndiyo kasi, apunguze kidogo kabla ya kupita barabara ya kifusi.

Nani ana mafundi wepesi zaidi?

Formula 1, na si wa kulinganishwa. Mwaka 2023 huko Qatar mafundi wa McLaren walibadilisha tairi nne kwa sekunde 1.80. Kwenye baskeli zamani fundi alikuwa akiruka garini na gurudumu mkononi. Tangu breki za diski ziruhusiwe rasmi katika mbio za barabarani 2018, gurudumu linachukua muda zaidi kulipachika, hivyo mara nyingi ni rahisi kumpa mtu baskeli nyengine nzima, na ndiyo maana unaona baskeli zimejaa juu ya paa la gari ya timu.

Lakini ukitaka kuona ufundi wenyewe, kaa na fundi baskeli wa mtaani kwako anaponyoosha gurudumu. Analigeuza baskeli juu chini, anazungusha, anaweka ncha ya kidole gumba karibu na rimu, na pale rimu inapokigusa ndipo anapokaza spoku ya upande wa pili, robo mzunguko, halafu anazungusha tena. Fundi wa timu ya Tour ana kifaa cha kupimia, lakini anafanya kitu kilekile.

Gari inajaza mafuta. Mwendesha baskeli je?

Siku hizi ni kinyume. Formula 1 ilipiga marufuku kujaza mafuta katikati ya mbio tangu 2010, gari inaanza na mafuta yote. Mwendesha baskeli ndiye anayejazwa njiani: mfuko unaoning'inizwa begani anapopita, chupa kutoka gari ya timu, na wanga gramu 90 hadi 120 kwa saa. Akisahau kula saa moja tu, saa inayofuata miguu inakataa, na hakuna ujasiri utakaoirudisha.

## Timu na amri zake

Kwa nini mtu anakubali kumfanyia mwenzake kazi yote halafu jina halitajwi?

Kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa. Timu ya Tour ina watu wanane, na kwa kawaida mmoja ndiye kiongozi. Wengine wanamkinga upepo, wanarudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa na kuzijaza ndani ya jezi, na kiongozi akipata pancha mmoja anaweza kumpa gurudumu lake mwenyewe. Ni desturi kongwe mshindi wa Tour kuwagawia wenzake zawadi yake ya euro 500,000.

Sisi tunadhani hapa ndipo baskeli inapoizidi Formula 1 kwa utu. Formula 1 nayo ina mamia ya watu nyuma ya madereva wawili, lakini hao wapo kiwandani. Msaidizi wa baskeli anaumia barabarani, mbele ya macho yako, na jioni anahesabiwa wa mia moja na kitu.

Kumwambia dereva amuachie mwenzake apite si udanganyifu?

Inategemea unauliza mchezo gani. Austria 2002, Rubens Barrichello wa Ferrari alikuwa anaongoza mpaka mita za mwisho, akaamriwa kumuachia Michael Schumacher. Watazamaji walizomea, na amri za namna hiyo zikapigwa marufuku hadi ziliporuhusiwa tena kwa msimu wa 2011. Katika baskeli hakuna anayezomea kwa hilo, kwa sababu kila mtu anajua tangu asubuhi nani anamfanyia kazi nani.

Ugomvi unakuja pale msaidizi anapokuwa na nguvu kuliko kiongozi. Mwaka 2012 Froome alikuwa akimfanyia kazi Bradley Wiggins, na mlimani alionekana wazi kuwa anaweza kwenda mbele. Alisubiri. Mwaka uliofuata Tour ikawa yake.

Wanaongea na nani kwenye redio?

Na kocha aliye kwenye gari ya timu, kama dereva anavyoongea na mhandisi wake. Katika mashindano ya dunia na Olimpiki redio haziruhusiwi kwenye mbio za barabarani, na hapo mchezo unakuwa wazi zaidi, kwa sababu mtu anaamua kwa macho na akili yake. Kigali ilikuwa hivyo. Kati ya walioanza kilomita 267.5 zile, zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda, waliomaliza ni 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho.

Pesa zinatoka wapi?

Kutoka kwa wadhamini, kote kuwili, ndiyo maana jina la timu ni jina la biashara. Tafauti ni kwamba timu za Formula 1 zinagawana mapato ya televisheni, wakati timu za baskeli hazipati fungu kama hilo kutoka Tour de France, na mtazamaji wa barabarani halipi kiingilio. Mdhamini akiondoka, timu inaweza kufa ndani ya mwaka.

## Usalama na udanganyifu

Ipi ya hatari zaidi?

Gari inakwenda kilomita 300 kwa saa, lakini dereva yuko ndani ya kasha gumu, na tangu 2018 ana upinde wa kinga juu ya kichwa. Mwendesha baskeli anateremka mlima kwa kilomita 80 au 90 kwa saa akiwa na kofia na nguo nyembamba. Michezo yote miwili imebadilika baada ya misiba. Ayrton Senna na Roland Ratzenberger walipofariki Imola 1994, magari na viwanja vilibadilishwa. Andrei Kivilev alipofariki kwenye mbio za baskeli za Paris–Nice 2003, kofia zikawa lazima kwa mbio za kulipwa. Gino Mäder alifariki Uswisi mwaka 2023 baada ya kuanguka mteremkoni, na kazi ya kuzifanya barabara hizo salama bado haijakwisha.

Tangu 2025 baskeli ina kadi za njano kwa wanaohatarisha wengine, si wapanda baskeli tu, bali hata madereva wa magari ya timu na pikipiki. Formula 1 ilitangulia: dereva akifikisha pointi 12 za adhabu ndani ya miezi 12 anafungiwa mbio moja.

Kuna mtu aliyewahi kuficha mota ndani ya baskeli?

Yupo. Kwenye mashindano ya dunia ya baskeli za matopeni, Januari 2016, wakaguzi walikuta mota ndani ya baskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Femke Van den Driessche wa Ubelgiji. Alifungiwa miaka sita. Mashindano yenyewe yalikuwa Zolder, kwenye kiwanja cha mbio za magari. Baadaye baskeli zikaanza kupigwa eksirei.

Kwa magari udanganyifu na makosa hutafutwa kwenye mizani na vipimo. Dereva George Russell alikuwa wa kwanza kuvuka mstari Ubelgiji 2024, gari yake ikapungua kilo 1.5 chini ya kiwango, ushindi ukaondoka. Baskeli nayo haitakiwi kupungua kilo 6.8. Kuhusu dawa, baskeli imebeba aibu kubwa kuliko magari: Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa Tour mwaka 2012.

Ni kweli wanajinyima chakula ili wawe wepesi?

Imetokea kote kuwili, na tunaomba vijana wetu wasiige. Formula 1 iliamua kuanzia 2019 kuwa dereva pamoja na kiti chake wahesabiwe angalau kilo 80, ili mwenye mwili mkubwa asilazimike kujikondesha. Baskeli haina kinga ya namna hiyo, na mlimani kila kilo inahesabika. Tunaona ni pengo.

## Kwetu visiwani, na maswali ya pembeni

Unguja au Pemba, wapi pazuri kwa mazoezi?

Unguja inakufundisha upepo na kundi. Pemba inakufundisha miguu. Barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete haina mlima mrefu, lakini inapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kupumzika, na Kigali ilionyesha kuwa vilima vifupi vikirudiwa vinamaliza watu. Kwa Unguja, toka alfajiri kabla ya daladala kujaa, na ukifika Jozani punguza mwendo: matuta yamewekwa kwa ajili ya kima punju, na kundi lililobanana likikuta tuta bila wa mbele kupaza sauti, wote mnalala chini.

Baskeli yangu ni ya kawaida, ya kubebea mizigo. Nianze hivyohivyo?

Anza. Kufuatana, kupokezana na kusoma upepo hakuhitaji baskeli ya bei. Hakikisha breki zinashika na kiti kimepanda vya kutosha, goti likunjuke kidogo tu pedeli ikiwa chini.

Mtu mweusi wa Afrika amewahi kushinda huko?

Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Wanawake wanashindana na wanaume?

Kwenye baskeli wana mbio zao, na Tour de France yao ya sasa ilianza 2022, mshindi akawa Annemiek van Vleuten. Kwenye magari sheria haiwatenganishi: Michèle Mouton aliwashinda wanaume katika rali ya Sanremo 1981.

Nimeona pikipiki inatangulia baskeli uwanjani. Ile nini?

Ni keirin, mchezo wa Olimpiki tangu 2000 kwa wanaume na 2012 kwa wanawake. Pikipiki ndogo inawaongoza, ikiongeza mwendo taratibu, kisha inatoka na wao wanafyatuka. Kanuni ni ileile ya kufuatana tuliyoieleza katika Sehemu ya Pili.

Basi na mimi nikijificha nyuma ya gari la shamba au nikashika lori, si mazoezi hayohayo?

Hapana. Yule wa pikipiki amefundishwa, hapigi breki ghafla, na hakuna gari linalokuja mbele. Dereva wa gari la shamba anasimama popote abiria anapogonga bodi, hakuoni kwenye kioo, na wewe huoni shimo mpaka tairi limeingia. Anayeshika lori kwa mkono amebaki na breki moja na mkono mmoja wa kuongozea. Kama unataka kuonja mwendo wa kuvutwa, tafuta wenzako wanne mnaoaminiana, Ijumaa asubuhi mapema, mpokezane dakika moja moja, na wa mbele awe ndiye mwenye kuita mashimo.